Sema Kazi Yake Kabla ya Kulipa

Mhadhara kwa wavuvi, wachuuzi wa samaki na mafundi wa pwani ya Malindi na Kilifi



Nimekuja kusema nanyi juu ya balaa ambalo kila mtu wa pwani hii, kama halijamfika yeye, limemfika jirani yake. Mtu ameona kifaa kwenye simu, amekubaliana bei na muuzaji, ametuma pesa, mzigo umefika kwa basi, na kifaa hakifanyi kazi. Sisemi juu ya viatu wala kava la simu. Nasema juu ya kifaa cha kazi maalumu, kile ambacho ukizunguka maduka yote ya Malindi hukipati: mashine ya boti, friza ya sola, kompresa ya kujazia mitungi ya wapiga mbizi wa Watamu, kifaa cha kuonyesha kina na samaki chini ya boti, pampu ya sola ya mkulima wa Chakama anayevuta maji ya mto Sabaki. Kifaa cha namna hii kikikataa, hasara haiishii kwenye bei yake. Mvuvi hupoteza msimu mzima. Kaskazi ikipita imepita, na muuzaji bado anasema, "Subiri, nitakupigia."

Kuagiza kitu cha mbali ambacho macho hayajakiona hakukuanza na simu. Tufani ya Aprili 1872 ilipovunja merikebu za Sultani Barghash bin Said kule Unguja, alikuja kuagiza meli mpya kwa kampuni ya William Denny, katika mji wa Dumbarton, Scotland. Meli hiyo, Glasgow, ilifika Unguja mwaka 1878. Haikumpendeza. Ikakaa nangani miaka mingi, mpaka mizinga ya Waingereza ilipoizamisha tarehe 27 Agosti 1896. Malindi yetu siku zile ilikuwa chini ya sultani huyo huyo. Lakini yeye alikuwa na uwezo wa kumiliki meli ya kukaa tu. Mvuvi wa Ngomeni aliyekopa kwenye chama ili anunue mashine hana uwezo huo, na ndiyo maana jambo hili linanikaa moyoni.

Nitasema neno langu mapema. Ugomvi wa kifaa kibovu huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla pesa haijatoka kwenye simu yako. Huamuliwa katika ule ujumbe ambao mnunuzi anamweleza muuzaji kifaa ni cha kazi gani, mahali gani, kwa kiasi gani. Wengi wetu hatuuandiki ujumbe huo. Tunauliza mambo mawili: "Iko?" na "Bei ya mwisho?" Halafu tunalipa.

Sheria inayotuhusu ni ya zamani. Inaitwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya. Ilianza kutumika mwaka 1931, na maneno yake yalichukuliwa karibu yote kutoka sheria ya Uingereza ya 1893. Kifungu chake cha 16 kinaanza kwa ukali: kwa kawaida, muuzaji hahesabiwi kuwa ameahidi chochote kuhusu ubora wa kitu wala kufaa kwake. Mnunuzi ajitazamie mwenyewe. Kisha kinafungua milango miwili, na mnunuzi wa kifaa maalumu lazima aijue yote miwili.

Mlango wa kwanza ni wa kazi. Ukimjulisha muuzaji kazi mahususi unayokitakia kifaa, kwa namna inayoonyesha kwamba unategemea ujuzi wake, na kama kuuza vitu vya aina hiyo ndiyo biashara yake, basi sheria inahesabu kuwa ameahidi kwamba kifaa kitaifaa kazi hiyo. Hata kama hakutamka neno "waranti". Mlango wa pili ni wa maelezo. Ukinunua kitu kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa vitu hivyo, lazima kiwe na ubora wa kuuzika, isipokuwa ulikikagua mwenyewe na kasoro ilikuwa ya kuonekana kwa ukaguzi huo. Hapa mnunuzi wa mtandaoni ana nguvu kuliko yule aliyekwenda dukani akashika na kugeuza, kwa sababu huyu wa mtandaoni hakupewa nafasi ya kukagua chochote. Picha haikaguliwi.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, maana wengi huangukia hapa. Ule mlango wa kwanza una kizuizi. Sheria inasema kwamba ukinunua kitu mahususi kwa jina lake la biashara, ile ahadi ya kufaa kwa kazi yako haipo. Nasi pwani tunanunuaje mashine? Kwa jina! "Nataka Yamaha 40." Tukitaja jina na nguvu ya farasi tunadhani tumemaliza, kumbe tumemfungulia muuzaji njia ya kusema: uliomba Yamaha 40, nikakuletea Yamaha 40, kama haikufaa kwenye boti lako mimi sihusiki.

Na kutofaa kwenyewe ni kwa kweli. Mashine za boti huja na shafti fupi au ndefu, takriban inchi 15 kwa fupi na inchi 20 kwa ndefu. Boti ambalo tezi yake inataka shafti ndefu likifungwa fupi, propela itakuwa inapiga povu kila wimbi likiinua nyuma. Mashine ni nzima, haina ufa, haina kasoro, na haiwezi kukufikisha kwenye mwamba. Vivyo hivyo kile kifaa cha kuonyesha kina. Mawimbi ya sauti ya kilohezi 200 huonyesha vizuri maji mafupi, lakini anayekwenda mbali kwenye kina kirefu cha North Kenya Banks anahitaji masafa ya chini, kama kilohezi 50. Kifaa kilichotengenezewa wavuvi wa maziwani kitakuonyesha skrini nzuri na maelezo ya uongo. Kwa vifaa maalumu, ubovu mwingi uko hapo: kitu kizima kimepelekwa kwenye kazi isiyo yake.

Kuna kesi moja ya Uingereza inayofaa kukumbukwa, Baldry dhidi ya Marshall, iliyomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 1925. Mnunuzi aliwaambia wauza magari kwamba anataka gari la starehe la kusafiria safari za kawaida. Wao wakamwambia Bugatti itamfaa. Akanunua. Haikufaa hata kidogo kwa safari hizo. Wauzaji wakasema aliandika jina la Bugatti kwenye oda, tena karatasi yao ilikanusha dhamana. Mahakama ya Rufani ilikataa hoja zote mbili. Jina kuwepo kwenye oda hakumwondolei mnunuzi haki yake, maadamu alieleza kwanza kazi aliyoitaka na akategemea neno la muuzaji. Akarudishiwa pesa zake. Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wetu, lakini maneno ya sheria ni yale yale, kwa hiyo husikilizwa.

Tuseme basi kuna mama karanga, mchuuzi wa samaki wa kukaanga, wa Mayungu anayetaka friza ya sola ili samaki waliobaki jioni wasiuzwe kwa bei ya kutupa. Kabla ya kulipa, amwandikie muuzaji hivi: "Nataka friza ya kuweka samaki kilo mia moja mpaka asubuhi. Hapa sina stima, natumia sola tu. Pahali pangu ni karibu na bahari, kuna chumvi na joto. Je, hii uliyoweka kwenye picha, pamoja na betri na paneli ulizotaja, itaifanya kazi hiyo? Mimi si mtaalamu, nategemea neno lako. Uniletee hapa Malindi." Muuzaji akijibu "ndiyo, itafanya", mama huyu ameshika kitu kikubwa kuliko waranti ya karatasi. Akijibu kwa kuzungukazunguka, ameokoa pesa zake. Na asipojibu kabisa, hilo nalo ni jibu.

Yale maneno ya mwisho, "uniletee hapa Malindi", sikuyaweka bure. Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai inaruhusu kesi ifunguliwe mahali kiini cha madai kilipotokea, chote au sehemu yake, na katika mikataba mahali pa kutimiza mkataba pamo katika hesabu hiyo. Mkikubaliana kwamba kazi ya muuzaji ni kukutumia kwa basi kutoka Nairobi, ataweza kusema alimaliza kazi yake stendi ya basi kule. Mkikubaliana kwamba mzigo utakabidhiwa Malindi, mzigo ni wake mpaka ufike, na mahakama ya huku ina sababu ya kumwita.

Nieleze jambo la muuzaji asiye mfanyabiashara. Mtu anayeuza mashine yake kuukuu kwa sababu anaacha uvuvi hayumo katika ile milango miwili, kwa kuwa kuuza mashine si biashara yake. Kwake unabaki na kifungu cha 15 tu: kitu lazima kilingane na maelezo yaliyotolewa. Basi maelezo yake yahifadhi. Tangazo lipige picha ya skrini siku hiyo hiyo, pamoja na jina, namba na tarehe, kwa sababu tangazo hufutwa ugomvi unapoanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la siku hizi ni simu. Usiibadilishe wala usifute mazungumzo, maana Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulitoka kwenye chombo gani na ulitolewaje.

Sasa mzigo umefika. Ofisi ya mizigo inakupa karatasi utie sahihi kwamba umepokea vitu vikiwa vizuri. Usitie sahihi hivyo kama hujafungua. Andika kwa mkono: "Nimepokea boksi, ndani sijakagua." Maneno hayo yana uzito, kwa sababu sheria inasema mnunuzi ambaye hakukiona kitu kabla hahesabiwi kuwa amekikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kukikagua. Fungua boksi mbele ya mtu, mmoja wenu arekodi video kuanzia utepe haujakatwa: namba ya mashine, vifaa vilivyomo, jinsi inavyowashwa mara ya kwanza. Kama ni mashine ya kuchanganya oili, rekodi na mchanganyiko wenyewe, maana neno la kwanza la muuzaji litakuwa "umeiunguza mwenyewe". Na wakati mwingine atakuwa amesema kweli. Soma kitabu chake kwanza, pima betri, angalia oili. Lawama isiyo na msingi itakuharibia hata lawama yako ya haki baadaye.

Ikikataa, usiifungue.

Najua mafundi mliopo hapa hamtapenda neno hilo. Fundi wa Malindi akiletewa mashine iliyokataa, ndani ya saa moja imelala juu ya turubai vipande vipande, na mara nyingi ataitengeneza kweli. Lakini sheria inasema mnunuzi akifanya jambo lisilopatana na umiliki wa muuzaji, au akikaa na kitu muda unaozidi kiasi bila kusema anakikataa, amekikubali. Akishakikubali, haki ya kukirudisha na kudai pesa zote imemtoka. Anabaki na haki ya kudai fidia tu, ambayo itambidi aithibitishe shilingi kwa shilingi. Mafundi wangu, mnaweza kumfaa mteja zaidi kwa kalamu kuliko kwa spana. Mwandikieni karatasi: jina lako, tarehe, namba ya mashine, ulichokiona na ulichokipima bila kufungua, na kwa maoni yako chanzo ni nini. Mlipwe kwa kazi hiyo, ni ufundi kama ufundi mwingine.

Halafu kuna subira yetu. Watu wa pwani tumelelewa kutomkabili mtu kwa haraka, na mimi naipenda tabia hiyo. Lakini muuzaji wa mbali anaijua na anaitumia. Ataomba wiki, kisha wiki nyingine, atasema fundi wake yuko safari, atasema spea iko njiani kutoka Dubai. Wakati huo siku zinahesabika dhidi yako. Siku ile ile unapoona kasoro, andika: nilikuambia kazi ni hii, ulisema itafaa, haifai kwa sababu hii na hii, nakikataa kifaa, nataka pesa zangu, kipo kwangu uje ukichukue. Sheria haikulazimishi kukirudisha kwa gharama yako. Inatosha kumjulisha kwamba umekikataa. Ukishaandika hivyo, unaweza kumngoja kwa adabu zote za kipwani. Haki yako haiozi tena.

Atakujibu kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Maneno hayo yameandikwa kwenye risiti nyingi za nchi hii hata watu wanadhani ni sheria. Si sheria. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari zinazohitajika ili anufaike nazo, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro, na haki hizo zinawabana hata wauzaji binafsi. Sheria ya Kulinda Walaji, namba 46 ya mwaka 2012, iliyoanza kazi Machi 2013, inasema haki ilizotoa hazifutwi na makubaliano yoyote. Sheria hiyo ina vifungu maalumu juu ya makubaliano yanayofungwa kwa maandishi kupitia intaneti. Muuzaji anatakiwa akueleze mambo ya msingi kabla hujakubali, akupe nafasi ya kusahihisha au kukataa, kisha akupe nakala ya makubaliano. Asipokueleza, unaweza kuvunja makubaliano mpaka siku 7 baada ya kupokea nakala. Asipokupa nakala kabisa, una siku 30 tangu mlipokubaliana. Wauzaji wangapi wa kwenye simu wamewahi kuwapa nakala? Muuzaji akiudanganya umma kwa matangazo ya uongo, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya walaji chini ya sheria ya 2010, na mashine ikiwa bandia kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Kutuma ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 ni kwa ajili ya pesa iliyokwenda kwa mtu asiyekusudiwa. Njia hiyo haikutengenezwa kuamua kama friza inagandisha. Pesa uliyotuma kwenye namba ya mtu binafsi ni vigumu kuliko zote kuifuata, afadhali namba ya till yenye jina la biashara. Kwa muuzaji wa nje, lipa kwa njia yenye utaratibu wa kupinga malipo: kadi, ikiwemo ile kadi ya Visa ya kwenye simu ambayo M-Pesa ilianza kuitoa mwaka 2022, au PayPal, ambayo hupokea malalamiko ndani ya siku 180 tangu malipo. Na usikubali kuhamishwa nje ya tovuti mliyokutania ili "upunguziwe bei". Punguzo hilo ndilo gharama ya ulinzi uliokuwa nao.

Niseme wazi kwamba muuzaji akiwa Guangzhou, hukumu ya Kenya itamfikia kwa shida sana. Huko tegemeo lako ni utaratibu wa malipo na wa tovuti, na ule ujumbe wa kazi ya kifaa ndio utakaouambatisha. Lakini wauzaji wengi wanaotuumiza wako Nairobi na Mombasa, na hao wana mahakama yao. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ni ya 2016, na mahakama ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mikataba ya kuuziana bidhaa imo. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, masharti makali ya ushahidi yamelegezwa, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Mashine ya boti, friza, pampu, karibu vyote hivi viko chini ya kiwango hicho. Wakazi wa Kilifi wana haki ya kudai mahakama hizi ziwe karibu nao kama zilivyo karibu na mfanyabiashara wa mjini. Mkiwaona wabunge wenu, waulizeni hilo kabla ya kuwauliza juu ya boti za msaada.

Hukumu nayo inahitaji mtu wa kushikwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, pata jina la biashara, jengo na mtaa, na namba ya till. Ukishinda na asilipe, mahakama inaweza kuamuru mali yake ikamatwe, au pesa zake zilizo benki. Haiwezi kukamata picha ya wasifu kwenye WhatsApp.

Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, viliwekewa kanuni mwaka 2007, na kila kimoja kina karani na daftari. Naomba kila kikundi kifungue faili moja: mfano wa ujumbe wa kueleza kazi, mfano wa barua ya kukataa kifaa, na majina ya mafundi walio tayari kuandika ripoti. Nakala za hizo barua mbili nimezileta, ziko kwenye meza karibu na mlango, za Kiswahili. Wenye mashine zilizokataa na ambazo bado hazijafunguliwa wabaki kidogo baada ya maswali, waje na simu zao, tuzitazame tarehe moja moja.